Kompyuta Tuliyofundishwa kwa Wimbo

Kwangu mimi kompyuta inanuka soksi. Najua kwa wengine inanuka plastiki mpya, au hainuki chochote. Lakini juzi nilikaribishwa kwa rafiki yangu, mvua imetoka kunyesha, wageni wote tumevua viatu mlangoni, sakafu imepakwa nta asubuhi hiyo, na nilipovuta pumzi nikawa na hakika kwamba chumba cha pili kuna kompyuta inawashwa. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na soksi mbichi na nta, basi. Rafiki yangu akaniuliza mbona nimesimama, nikamwambia nimemkumbuka mama akiwa kazini. Hakuelewa, na simlaumu.

Mama alikuwa akifundisha uhazili katika chuo kidogo mjini Kakamega, nyuma ya soko. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa taipureta, halafu siku moja ikaletwa kompyuta, wakampeleka Kisumu kwa kozi fupi, akarudi akiwa mwalimu wa kompyuta. Chumba chake kilikuwa na pazia zito na sakafu nyekundu inayong'aa kwa nta. Mtu hakuingia na viatu, maana ilisemekana vumbi linaua kompyuta. Huko kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo kilichoingia badala ya vumbi ni soksi zilizolowa matope. Hakuna aliyeuliza kama matope yana nafuu kwa mashine. Yenyewe ilikuwa moja tu, na ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, sawa na kile kilichofunika redio yetu nyumbani, mtaa wa Amalemba.

Ilikuwa na kioo cheusi na herufi za kijani. Haikuwa na picha yoyote ya kubonyeza. Ukitaka ifanye jambo uliandika amri, herufi kwa herufi, nayo ikatii au ikakataa. Wakati huo nilikuwa darasa la tatu au la nne, na siku za likizo mama alinichukua nikakae kwenye benchi la nyuma kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kuniangalia. Niliamini kwamba ndani ya kile kioo kulikuwa na usiku, na ndani ya usiku kulikuwa na mtu. Mwanafunzi akikosea herufi moja, huyo mtu alimwandikia kwamba ametoa amri mbaya. Mama hakuwahi kuandikiwa hivyo mbele yangu. Nikajua kwamba yule mtu anamwogopa mama. Hilo halikunishangaza, kwa sababu nyumbani nasi tulimwogopa, hata baba kidogo.

Niliona fahari isiyo na kifani. Watoto wengine Amalemba walikuwa na baba polisi, mmoja alikuwa na mjomba dereva wa lori la miwa. Mimi nilikuwa na mama ambaye kitu cha Ulaya kilimtii.

Sasa, utafundishaje darasa zima la wanafunzi kwa kompyuta moja? Mama aliongoza kwaya ya akina mama kanisani, kwa hiyo alifanya alichokijua. Aliwakatia maboksi ya sabuni, akawachorea kibodi juu yake kwa kalamu ya wino, kisha akazitia amri zote kwenye wimbo. Waliimba herufi huku wakipiga vidole kwenye maboksi: "Di, ai, ara, nafasi, ei, koloni, enta!" Kila amri ilikuwa na ubeti wake, kwa mpangilio ule ule aliopewa Kisumu. Ubeti wa mwisho ulikuwa mtamu kuliko zote kwa sababu ulimalizika na enta mbili, na hapo wote walipiga makofi. Waliopita sokoni walidhani ni kanisa jipya. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi aliyeshika wimbo wote bila kujua ni wa nini, akawa anaitikia kutoka kwenye kibanda chake.

Katika muhula mmoja mfupi ulioangukia likizo yangu ndefu alikuja senge Rosa, dada mkubwa wa baba. Alitoka upande wa Ekero, ambako yeye na mumewe walilima miwa, akaja na kuku aliyefungwa miguu na mzigo wa miwa ya kututafunisha. Alikuja kusoma. Ofisi ya chama cha wakulima huko kwao ilitaka mpiga chapa, na mwenyekiti alikuwa amemwahidi kiti, mradi arudi na cheti cha kompyuta muhula ukiisha. Akichelewa atapewa mwingine. Mumewe aliuza ng'ombe kwenye mnada wa Lubao ili apate karo. Aliacha watoto wake kwa mama mkwe. Alilala kitanda kimoja nami, na usiku nilimsikia akinong'ona majina yao mmoja mmoja kabla ya kusema amina.

Mambo yalikuwa magumu kidogo, kwa maana asubuhi nyumbani senge alikuwa mkubwa. Mama alimmiminia chai kwanza, akamwita dada, akampisha kiti. Chuoni mama akawa mkubwa, akamwambia mbele ya wasichana wadogo akunje vidole vizuri. Senge alivikunja shingo upande. Lakini wimbo aliupenda. Alikuwa na sauti ya kutikisa mabati, na kabla ya wiki mbili kuisha yeye ndiye aliyeanzisha na wengine wakafuata.

Niseme pia kwamba senge alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Jumapili yake ya kwanza mjini alirudi amekasirika, kwa sababu kanisa letu liliimba ubeti wa kwanza na wa mwisho tu ili mahubiri yasichelewe. Kwao Ekero, alisema, mtu akianza wimbo anaumaliza. Mnamkatia Mungu maneno? Baba alicheka, senge hakucheka.

Katikati ya muhula, mkuu wa chuo akaleta kompyuta ya pili. Hii ilikuwa na rangi, picha, na mausi ya kushika mkononi. Mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye tai moja ya kahawia, na aliipenda hiyo mashine waziwazi. Alituita tuione. Alisukuma mausi, akabonyeza picha ya folda, ikafunguka. Akamwita mwanafunzi mmoja, naye akabonyeza, ikafunguka. Akaniita hata mimi. Nilibonyeza, ikafunguka.

"Mwalimu," mkuu akamwambia mama, "muhula ujao tuachane na hizi amri. Watu wanataka kazi, hawataki kuwa mafundi."

"Mtu asiyejua amri hajui kompyuta," mama akajibu. "Anaibonyeza tu."

Wengine walifurahi siku hiyo, mimi sikufurahi. Kama mashine inamtii kila mtu, hata mimi ambaye sikujua kufunga kamba za viatu vizuri, mama atakuwa nani? Nilifikiri atafukuzwa kazi, na yule mtu wa gizani atafukuzwa naye.

Mtihani ulikuja, na mama alishikilia ufanyike kwa ile nyeusi. Kila mmoja alitakiwa aandike barua fupi, kisha ainakili kwenye disketi, kile kisahani bapa cha kuhifadhia kazi. Disketi ilikuwa moja kwa darasa zima, kwa kuwa mkuu ndiye angeisahihisha. Walianza asubuhi ili wamalize kabla ya mvua, kwa sababu radi ikianza kila kitu kilichomolewa ukutani. Senge aliwekwa mwisho. Alipoitwa, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya soko, na mama alisimama dirishani akiyaangalia.

Niliona kila kitu kutoka kwenye benchi langu. Senge aliandika barua bila kosa. Kisha akaanza wimbo, midomo ikicheza bila sauti, vidole vikifuata. Ubeti wa kuangalia. Ubeti wa kutengeneza mahali pa kuweka kazi. Ubeti wa kunakili, na taa ndogo ya disketi ikawaka, barua ikaingia. Hapo angeinua mikono, angekuwa amefaulu, na angefaulu vizuri kuliko wengi.

Hakuinua mikono. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Aliandika ubeti wa mwisho, na enta zake zote mbili. Mashine ikaanza kunguruma kwa namna ambayo haikuwahi kunguruma. Mama akageuka kutoka dirishani, akaangalia kioo, akasema "Yesu," kwa sauti ndogo sana. Ule ubeti ulikuwa wa kuifuta disketi yote, ibaki kama imetoka dukani. Barua ya senge ilifutika, na za wote waliomtangulia tangu asubuhi.

Senge alikuwa amekaa wima, anatabasamu, anangoja asifiwe.

Radi ikapiga, tukachomoa. Wasichana walilia, wengine wakamkasirikia senge, wakaambiwa watarudi kuandika upya. Senge yeye akaandikiwa kwamba ameanguka, maana kosa lake halikuwa la herufi, alifuta mtihani. Mama ndiye aliyeandika. Tulirudi Amalemba sote watatu chini ya mwavuli mmoja.

Baba alipoelezwa aliangalia dada yake, akamwangalia mke wake, akakumbuka kwamba kuna mtu alipaswa kumwona kwa jirani. Akaenda. Jikoni tukabaki mimi, mama anayekoroga mrenda, na senge aliyekaa kwenye kigoda akichambua mboga ambazo zilishachambuliwa.

"Wifi, umeniangusha," senge alisema. Hakupandisha sauti.

"Dada, sikukuangusha. Disketi imefutika. Ningeandika nini?"

"Ungeandika nilifanya vile ulinifundisha."

"Nilikufundisha kunakili."

"Ulinifundisha kuimba." Senge akaweka sinia chini. "Ile ingine ya mkuu ningemaliza mapema. Unaonanga picha, unabonyeza, barua imeingia. Sasa hii di, ai, ara ni ya nini? Mimi nataka barua itoke, niende kwa watoto wangu. Kwani nataka kuoa mashini?"

"Na siku ile mausi itakataa?"

"Nitaita fundi! Wewe ukipeleka mahindi kwa posho mill, unaingianga kwa injini? Si unasimamanga hapo na debe yako, unga inatoka, unaenda kupikia bwana yako obusuma?"

Mama aliacha kukoroga. "Siingii kwa injini. Lakini unga yangu naijua. Wakinichanganyia na ya mtu mwingine nitajua. Wakisaga na mawe nitajua. Hiyo tu ndiyo nilitaka mjue."

"Basi ungetufundisha unga," senge akasema. "Wewe umetufundisha kelele ya injini."

Mrenda ulianza kupanda sufuriani na hakuna aliyeujali. Mama akauliza, polepole sasa, "Dada, kwani ule wa mwisho ulifikiria unafanya nini?"

"Sikufikiria. Ni wimbo. Wewe ulituambia?"

Mama alishusha sufuria, akafuta mikono kwenye leso, akaenda chumbani. Chakula tulipakuliwa na senge, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mgeni akipakua jikoni kwa mama yangu.

Asubuhi mama alikwenda kwa mkuu wa chuo, akamwomba amruhusu senge kurudia mtihani pamoja na wenzake, na kila mtu achague mashine anayotaka. Sijui alijieleza vipi. Najua tu kwamba wote walichagua ile ya rangi, hata wale waliokuwa wakimsifia mama wimbo wake. Senge aliandika barua yake, akaivuta kwa mausi mpaka kwenye picha ya disketi, akaiachia. Alichukua muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu. Mama akasaini cheti chake mezani kwa mkuu, na senge akakikunja ndani ya Biblia yake.

Kazi aliipata. Aliifanya miaka mingi pale ofisini Ekero, kwa mausi, na mashine ikikataa aliita fundi na kunywa chai akingoja. Hakuona aibu yoyote. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hizi mashine, husema mtu wa kawaida anayeogopa kuandika amri ni mvivu. Nikimsikia namtetea senge kwa moyo wote. Lakini nikiona mtu anabonyeza "ndiyo" bila kusoma alichoulizwa, namtetea mama. Sijawahi kukaa upande mmoja kwa wiki nzima.

Lakini kabla senge hajaondoka kuna jambo lilitokea, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko cheti. Mchana ule ule wa kusaini, wanafunzi walipokwisha kutoka, mama alimwomba abaki. Akafunua kitambaa cha ile nyeusi, akaiwasha, akatia disketi ya zamani isiyokuwa na kazi ya mtu.

"Andika ule wa mwisho," akamwambia.

"Aka! Hiyo nimetosheka nayo."

"Basi nitaandika mimi."

Mama akaketi. Aliandika herufi moja moja, akapiga enta ya kwanza, kisha kidole chake kikabaki hewani. Sikuwahi kuona kidole cha mama kikisita juu ya kitu. Alimchinja kuku bila kusita, alitutoa miiba bila kusita.

"Soma hapo inasema nini," alimwambia senge.

Senge akainama, akasoma kwa shida. "Inasema niweke disketi, nikiwa tayari nibonyeze." Akairudia kwa kidole. "Kumbe inauliza!"

"Inauliza. Mimi niliwafundisha kuijibu kabla haijauliza."

Akabonyeza. Mashine ikanguruma, namba zikaanza kupanda kwenye kioo, na mama akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Juu ya mdomo wake kulikuwa na jasho. Senge alimtazama yeye, hakutazama kioo.

"Wifi, wewe unaogopa."

"Hii sijawahi kufanya. Kule Kisumu mwalimu alituandikia ubaoni tu, akasema tusijaribu, mashini ilikuwa moja. Nikaja nayo hivyo hivyo. Nikaimba."

"Na hii miaka yote?"

"Nimekuwa nikiiogopa tangu siku ya kwanza," mama akasema. "Ile siku unga imemwagika, hata sikujua kama inaweza kuzoleka."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Kwa mawazo yangu yule mtu wa gizani alikuwa amemtii mama kwa sababu ya uoga, na kumbe uoga ulikuwa wa mama. Nilitaka ayarudishe maneno yake. Nilitaka twende nyumbani awe vile alivyokuwa wiki iliyopita.

Namba zikafika mwisho, mashine ikanyamaza. Hakuna kilicholipuka. Mama aliachia meza, akacheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja, na nilipomwona vile nikajua kwamba amechoka, na kwamba amechoka kwa muda mrefu.

Senge alikuwa na cheti ndani ya Biblia na Biblia ndani ya mkoba. Gari la Ekero lilikuwa linangoja watu stendi, na mvua ilikuwa karibu. Badala ya kutoka akavuta kigoda, akakaa kando ya mama, magoti yakigusana.

"Haya, mwalimu, nifundishe sasa," akasema. "Ule wa kwanza unafanyanga nini?"

"Unaiuliza disketi iko na nini ndani."

"Basi tuulize."

Nilikuwa bado nimenuna, lakini nilishuka kwenye benchi nikasogea, nione itajibu nini.